Ukitaka kumjua sisimizi, anza na kiuno

Kila mvua zikianza, simu yangu hujaa picha za wadudu, na swali huwa lile lile: huyu mwekundu ni yupi? Rangi mimi huiacha mwisho. Sisimizi aliyetoka kwenye pupa juzi huwa amepauka hata kama dada zake ni weusi tii, kwa hiyo rangi itakupoteza.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, mweke mdudu kwenye friji dakika chache atulie, kisha mtazame kwa ubavuni. Kati ya kifua na tumbo utaona kiuno chembamba chenye fundo moja au mawili. Kama hakuna kiuno na vipapasio vimenyooka, huyo ni mchwa, ndugu wa mende.

Wa fundo moja, nenda kwenye tumbo. Likiwa limebanwa baada ya pingili ya kwanza na ncha ina mwiba, uko kwenye jamii ya sungusungu wale wakubwa weusi, wakiwemo Megaponera wanaokwenda kwa mistari kuvamia mchwa. Ikiwa hakuna mwiba ila kitundu cha duara chenye vinyweleo, fikiria majimoto wa miembeni au Camponotus, ambao hurusha asidi. Siafu naye ana fundo moja, lakini mtafute macho: mfanyakazi hana kabisa.

Wa mafundo mawili ndio wanaonivutia zaidi. Crematogaster wa kwenye migunga, fundo lake la pili limeungana na tumbo kwa upande wa juu. Mguse kwa kijiti uone: atapindua tumbo juu ya mgongo mpaka ncha ielekee kichwani. Ukilitazama kutoka juu, tumbo hilo lina umbo la moyo. Hakuna alama rahisi zaidi ya hiyo kwa anayeanza.

Pheidole, naye wa mafundo mawili, anahitaji subira. Usichukue mmoja, chukua kadhaa kutoka kiota kimoja, kwa sababu kuna wadogo wa kawaida na kuna wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, na ukiwaona kila mmoja peke yake utadhani ni spishi mbili. Kumtambua ni jambo zito. Kule Laikipia, Kenya, Pheidole megacephala, mgeni mvamizi, anawaangamiza Crematogaster wanaolinda migunga, na tembo wanaivunja miti hiyo bila kuumwa.

Waweke kwenye spiriti, na uandike kwa penseli mahali, tarehe na walipokuwa: mtini, udongoni au kwenye mbao. Chupa isiyo na maelezo hayo haina faida kwa mtaalamu.

Malkia waache walipo. Mwezi Mei 2025, mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi hai waliotaka kuwasafirisha nje. Kwa kutambua spishi, wafanyakazi wachache wanatosha.