Panya Wangu Alifiwa na Nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wanafunzi wetu wana haja ya kukariri maneno ya Kiingereza ya milio ya wanyama wadogo, na swali hilo limegusa kidonda changu cha zamani. Mniwie radhi, kwa kuwa nitakalolijibu hasa ni iwapo mtoto asiyeyakumbuka anastahili kuhesabiwa kosa.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alituandikia orodha ubaoni: nyuki "buzz", chura "croak", nyoka "hiss", kifaranga "cheep", panya "squeak", na paka aliyeridhika "purr". Siku ya mtihani lile la panya lilinitoka, nikaandika "cries", kwa sababu kwetu panya hulia, kama vile mtoto anavyolia, kengele inavyolia na hata bunduki inavyolia. Nilipata 19 kati ya 20. Mwalimu hakutosheka na wino mwekundu. Alinisimamisha mbele ya darasa, akaniuliza panya wangu analia kwa kufiwa na nani. Darasa lilivunjika mbavu, na mpaka tunamaliza la saba wenzangu waliniita Mfiwa.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba orodha ile ilikuwa upuuzi, na hoja ninazo. "Squeak" si mali ya panya peke yake, kwani Waingereza huitumia hata kwa bawaba isiyotiwa mafuta. Nyenje naye wanamwambia "chirp", sawa na ndege, ilhali sauti ile haitoki kooni bali ni dume anayesugua mabawa yake. Wala sisi si maskini wa maneno: jogoo huwika, kuku hutetea, mbwa hubweka, nyuki huvuma.

Hata hivyo, ninapoandika haya, paka wa mjukuu wangu amejikunja mapajani mwangu, na mtetemo wake nausikia mpaka kwenye magoti. Utotoni paka wetu alikaa ghalani kulinda mahindi, hakuna aliyempakata. Bila lile neno "purr", pengine nisingetega sikio kabisa. Sisi husema anakoroma, kama mzee aliyeshiba ubwabwa, na nakiri neno hilo halimtoshi. Basi jibu langu, ambalo silo nililoanza nalo, ni kwamba maneno hayo yafundishwe, mradi aliyeandika "cries" apewe walau nusu alama na asiulizwe habari za msiba.