Maswali ya Wasomaji: Gia ya Boti Inayolia na Kuruka

SWALI: Fundi, salaam. Nina boti ya mbao inayobeba dagaa kutoka visiwani hadi mwalo wa Kirumba, nayo hutumia injini ya kufunga nyuma, ya mipigo miwili (two-stroke) na nguvu za farasi 40. Kwa wiki mbili sasa, kila ninapoingiza gia ya mbele na kuongeza mafuta, husikika mlio wa ka-ka-ka na boti hushtuka kama inayovutwa na kuachiwa. Gia ikiwa huru, injini hunguruma vizuri. Fundi wa mwaloni anasema pistoni zimekwisha na anataka kufungua injini yote. Nimkubalie?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Usimkubalie kwanza. Pistoni iliyolika hugonga hata gia ikiwa huru, hasa unapoongeza mafuta, ilhali mlio wako hungoja mzigo. Kwa hiyo utafute chini, kwenye mguu wa injini.

Ndani ya mguu huo, shafti ya wima huzungusha gia ndogo, nayo huzungusha gia mbili kubwa, ya mbele na ya nyuma, ambazo hazisimami hata mkono wa gia ukiwa huru. Inayosimama ni shafti ya rafadha (pangaboi inayosukuma boti), pamoja na kipande chenye meno makubwa ambacho huteleza na kung'ata mojawapo ya gia hizo. Meno yake yakiisha pembe, hushika vizuri mzigo ukiwa mdogo, lakini ukizidi hupandana na kuruka, na hapo ndipo ka-ka-ka inapotoka. Mara nyingi huharibiwa na nahodha anayeingiza gia polepole akidhani anaihurumia, wakati gia ya aina hii hutaka isukumwe mara moja, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kuongezewa mafuta.

Hata hivyo, waya wa gia uliolegea huleta mlio uleule, kwa sababu meno hayaingii yote. Ukague na kuurekebisha kwanza, kwani kazi hiyo haina gharama.

Kisha chomoa waya za plagi, ufungue rafadha na kutazama nyuma yake. Katika ziwa letu la Victoria ni kawaida kukuta uzi wa nyavu umejisokota hapo, ukakata sili (mpira unaozuia maji kuingia na oili kutoka) na kuingiza maji. Boti ikiwa imelala usiku kucha bila kuwashwa, legeza bolti ya chini ya oili ya gia: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya maziwa inaonyesha kuwa sili imekufa, na vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho vinatosha kukufanya uufungue mguu.

Kama injini ingepiga kelele nyingi bila ka-ka-ka na boti ikawa haisogei, ningeshuku mpira ulio ndani ya rafadha. Huo hupimwa kwa kuchora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu cha ndani hadi kile cha nje; ukirudi safari na kukuta mstari umeachana, mpira unateleza.

Ikithibitika kuwa meno yamelika, badilisha kile kipande pamoja na gia ya mbele, kwa kuwa yamelana yenyewe kwa yenyewe, na usirudishe sili ya zamani. Oili mpya ijazwe kupitia tundu la chini hadi itokeze la juu, ili hewa isibaki ndani.