Kabla Hujafomati Kompyuta ya Zamani

Kompyuta ikishafomatiwa huwaka vizuri tu, halafu haikamati Wi-Fi, na draiva ya Wi-Fi (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi hiyo) iko huko huko kwenye intaneti. Ndiyo maana nusu ya kazi hii hufanywa wakati mfumo wa zamani bado unawaka.

Anza na diski. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski. Ikionyesha "Caution" kwa njano, hasa kwenye mstari wa "Current Pending Sector" (sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma), usihangaike kufomati. Hamisha mafaili siku hiyo hiyo, kisha tafuta SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 120 inatosha. Diski yenye sekta mbovu huweza kukwama katikati ya usakinishaji, au ikakubali kila kitu kisha ikaanza kuganda baadaye. Unapohamisha, usiishie kwenye Documents. Picha na vyeti vingi hukaa Desktop na Downloads, na hivyo ndivyo watu huvililia.

Fungua Device Manager ya Windows, andika kwenye karatasi jina kamili la kadi ya Wi-Fi, na draiva yake iweke kwenye flashi ya pembeni, kwa sababu flashi ya kusakinishia itafutwa yote na Rufus, programu inayoitengeneza. Ukisahau, simu ya Android kwa waya wa USB itakuvusha: washa "USB tethering".

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine zenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo hazina. Kwa mashine ya namna hiyo yenye RAM ya GB 4, nashauri Linux Mint, mfumo wa bure, katika toleo lake jepesi la Xfce, bila kusita.

Kama kazi yako haiendi bila Windows, tumia flashi ya GB 8, na kwenye Rufus chagua MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski) iwapo mashine ina BIOS ya zamani, yaani programu ya kuiwasha, isiyojua UEFI iliyoirithi. Hapo ndipo wengi hukwama: usakinishaji unakataa diski ukidai ni ya GPT, mpangilio mpya unaohitaji UEFI. Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja ili dirisha la amri lifunguke, andika diskpart, kisha list disk. Tulia hapo usome ukubwa, maana flashi nayo imo kwenye orodha. Diski ya ndani ikiwa namba 0, andika select disk 0, halafu clean, halafu convert mbr. Amri ya clean hufuta diski yote, haiulizi mara mbili, na haina kurudi nyuma.

Mfumo umeingia, intaneti ipo, lakini kila tovuti inalalamika kuhusu usalama? Tazama tarehe. Kama imerudi nyuma miaka mingi, betri ya saa kwenye ubao mama imekwisha, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Kwenye kompyuta ya mezani ni kidonge cha CR2032, volti 3. Kwenye laptopu nyingi kimefungwa kwa plastiki na kina waya mbili, kwa hiyo nunua chenye plagi inayofanana.