Wastani hautoshi kuutambua uhai

Je, kuna hesabu inayoweza kuonyesha kwamba kitu kimetoka kwa kiumbe hai? (Mwalimu, Iringa)

Ipo, mwalimu, na inaanza na kuhesabu kulia na kushoto. Asidi amino, yaani vitofali vinavyojenga protini, isipokuwa glaisini iliyo ndogo kuliko zote, huwa na maumbo mawili kama jozi ya kandambili. Ukizitengeneza maabara kwa kemikali tupu unapata nusu kwa nusu, kama kandambili zilizovuliwa mlangoni mwa msikiti. Lakini protini zako, za mchicha na za dagaa zimejengwa kwa zile za kushoto. Ukikuta rundo la kandambili za kushoto tupu, utajua kuna aliyezichambua. Ndani ya seli, kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya mwili.

Bakteria hubadilika kinasaba na kuwa sugu baada ya kukutana na dawa, au kabla? (Muuguzi, Tanga)

Kabla. Salvador Luria na Max Delbrück walilionyesha hilo mwaka 1943, huko Marekani, kwa kuhesabu tu. Badala ya dawa walitumia virusi wanaoua bakteria. Walikuza bakteria katika mirija mingi, kila mmoja kivyake, wakamwaga kila mrija kwenye sahani yenye virusi, kisha wakahesabu makundi yaliyosalimika. Kama usugu ungeanzia pale sahanini, idadi zingekaribiana.

Sasa tazama mirija 20 ya jaribio moja: 11 haikutoa kitu. Mingine ilitoa 1, 3, 5, 6, halafu ghafla 35, 64 na 107! Wastani ni kama 11, na hakuna sahani hata moja iliyokuwa na 11. Mimi kila nikizisoma namba hizi nasisimka, kwa sababu ile 107 ni ukoo. Bakteria mmoja alibadilika mapema, virusi hawajaonekana, akazaa, na wanawe wakazaa. Aliyebadilika dakika za mwisho hakuwahi kupata wajukuu. Wastani ungetuficha ukoo huo wote. Mtawanyiko ndio ulioufichua.

Ng'ombe mwenye uzito mara 10 ya mbuzi wangu anahitaji chakula mara 10? (Mfugaji, Narok)

La. Mwanasayansi Max Kleiber alionyesha mwaka 1932 kwamba nishati ya mwili uliopumzika huongezeka polepole kuliko uzito. Mnyama akiwa mzito mara 10,000, hutumia kama mara 1,000 tu. Kwa mara 10, hesabu ni kama 5.6. Hiyo ni ya kumweka hai. Mimba na maziwa uzijumlishe juu yake.