Uzamivu wa isimu ng'ambo: jina la chuo halitakusimamia

Barua za wasomaji wanaouliza kuhusu uzamivu (PhD) wa isimu, yaani taaluma ya lugha, huanza kumiminika mwezi Julai, na sababu yake inajulikana. Idara nyingi za isimu Marekani hufunga maombi kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, na anayeanza kutafuta chuo Novemba huwa ameshachelewa. Nimejibu zile zitakazowafaa wengi. Walioniuliza kama isimu "ina soko" nitawajibu siku nyingine, nikiwa sina hasira.

*

Mwalimu, nina uzamili wa isimu na tasnifu yangu ilihusu toni za Kikamba. Nimechukua orodha ya vyuo 100 bora duniani nikapigia mstari kumi vya kwanza. Nianze na kipi? (Mhadhiri wa muda, Kahawa Sukari)

Anza kwa kuiweka kando hiyo orodha. Inapima chuo kizima: maabara za fizikia, shule ya tiba, fedha, sifa. Idara ya isimu huwa na watu wachache, na pengine hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuisikiliza lugha ya Kibantu kwa makini. Wewe una toni za Kikamba mkononi. Jiulize, ni nani atakayeisoma sura yako ya tatu akakuonyesha palipooza?

Ukiuliza hivyo, majina yanabadilika. Utaiona Leiden, Uholanzi, ambako lugha za Kibantu zimefundishwa kwa vizazi na mkutano wa lugha za Kiafrika hufanyika kila Agosti. Utaiona Ghent, Ubelgiji, penye kundi zima la watafiti wa Kibantu, na karibu na Brussels lipo jumba la makumbusho la Tervuren, lililokusanya hazina ya mizizi ya maneno ya Kibantu. Utaiona SOAS ya London, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, halafu Bayreuth na Cologne za Ujerumani. Mjomba wako Machakos huenda hajasikia hata moja kati ya hizo, ila Harvard anaijua. Sawa, lakini mjomba hatakaa kwenye jopo lako la watahini.

Kama kinachokukosesha usingizi si Kikamba chenyewe bali kile ambacho toni inafichua kuhusu nadharia ya fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, basi MIT na idara nyingine za nadharia huko Marekani zinakufaa. Hutakuwa mgeni kabisa. Majirani zako Wakikuyu walikutangulia vitabuni tangu mwaka 1979, wanaisimu Clements na Ford walipoonyesha kwamba toni za Kikuyu hujitokeza silabi moja baada ya ile zinakotoka.

Wengi hulisahau jambo jingine: maprofesa hustaafu, na maprofesa huhama. Taasisi ya utafiti ya Max Planck ya Leipzig, Ujerumani, ilikuwa na idara ya isimu iliyosifika kote kwa kulinganisha lugha za dunia. Mkurugenzi wake, Bernard Comrie, alipostaafu mwaka 2015, idara ikafungwa. Usiende mahali penye mtu mmoja tu wa fani yako. Wawe wawili angalau, na mmoja awe bado ana miaka kadhaa ya kazi mbele yake. Kisha fungua tasnifu tatu au nne za waliomaliza hapo karibuni, nyingi zimewekwa wazi mtandaoni, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani. Shukrani husema mengi kuliko tovuti ya idara. Utajua nani husoma rasimu usiku wa manane, nani ametajwa kwa adabu tu, na wangapi walilazimika kubadilisha msimamizi katikati ya safari.

*

Nimekubaliwa chuo kimoja Uingereza lakini bila ufadhili. Baba yuko tayari kuuza shamba la Kitengela. Niende? (Msomaji wa Donholm)

Hapana. Mwambie mzee hatimiliki irudi kabatini.

Uzamivu wa isimu haulipi deni la ukubwa huo. Karo ya mwanafunzi wa nje kwa uzamivu Uingereza mara nyingi hupita pauni 20,000 kwa mwaka. Kabla hata hujapanda ndege kuna ada ya afya inayolipwa pamoja na viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na hulipwa yote kwa mkupuo. Miaka minne ni pauni 3,104 zimetoka na bado hujanunua hata koti.

Lielewe jambo hili, kwani ndilo limekutega. Uingereza, kukubaliwa na kufadhiliwa ni milango miwili tofauti. Chuo kinaweza kukukubali kwa furaha huku hakina hata senti ya kukupa, nawe unatakiwa uombe kwingine: ufadhili wa Jumuiya ya Madola, au ule wa chuo chenyewe, ambao mara nyingi hufungwa miezi kadhaa kabla ya maombi ya kawaida. Marekani mambo ni tofauti. Idara nzuri ikikukubali kwa uzamivu, kwa kawaida hukufutia karo na kukupa posho, nawe unafundisha au unasaidia utafiti. Ikikukubali bila kitu, chukulia kwamba imekukataa kwa upole. Uholanzi, Sweden na Norway, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa anayepokea mshahara. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, na unaiomba kwa wasifu na barua. Ujerumani, vyuo vya umma havidai karo kwa uzamivu, kuna mchango mdogo wa kila muhula tu, lakini chakula na kodi ya nyumba ni juu yako. Anayejilipia huonyesha kwenye maombi ya viza kwamba ana fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu, na tangu Septemba 2024 kiwango kilikuwa yuro 11,904. Anayefadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hahitaji akaunti hiyo. DAAD wana ofisi hapa Nairobi, nenda ukawaulize ana kwa ana kabla ya kusikiliza mtu mwingine yeyote.

Kiandikie chuo chako uombe nafasi iahirishwe mwaka mmoja. Vingi hukubali. Mwaka huo uutumie kusaka fedha.

*

Kuna wakala mjini anasema kwa shilingi 80,000 atanitafutia nafasi ya uzamivu Kanada. Ni wa kweli? (Roysambu)

Huenda ofisi yake ni ya kweli, kazi yake ndiyo isiyokuhusu. Mawakala wengi huishi kwa kamisheni inayotokana na karo za wanafunzi, kwa hiyo mwanafunzi wa uzamivu mwenye ufadhili hawaingizii kitu. Atakupeleka panapomlipa yeye. Usitoe.

*

Nilimaliza uzamili na wastani wa 66. Fomu ya Marekani inataka wastani wa pointi kwa mizani ya 4, na mtandaoni naambiwa 66 ni D. Nimekwisha? (Mwalimu wa sekondari, Embakasi)

Hujakwisha, dada. Hapa kwetu A huanzia 70, na kila aliyesoma chuo kikuu cha Kenya anajua jinsi 70 ilivyo adimu. Huko alama 66 kwa mia inasomeka kama ya mwanafunzi aliyekuwa anasinzia. Usijigeuzie alama mwenyewe. Jaza alama kama zilivyo, kisha upakie na ukurasa wa nyuma wa nakala yako ya matokeo, ule wenye ufunguo wa madaraja. Watu huusahau kwa sababu hauna jina lao. Mhadhiri wako mmoja naye aandike kwenye barua yake ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi.

Nikigusia barua: hapo ndipo Wakenya wengi hujeruhiwa, si kwenye alama. Mwanafunzi anaomba barua kwa profesa mwenye cheo kikubwa ambaye hamkumbuki, na profesa anaandika kwamba mhusika ni mtu mwenye nidhamu, anafika darasani kwa wakati na hana rekodi mbaya. Barua hiyo ingefaa kwa kazi ya ulinzi. Kamati ya isimu inataka kusikia uligundua nini katika data yako, ulibishana na nadharia gani, na kama unaweza kuandika. Bora mhadhiri kijana aliyesoma tasnifu yako neno kwa neno kuliko mkuu wa kitivo asiyekujua. Mpe mhadhiri huyo muda wa kutosha, muhtasari wa tasnifu, na tarehe zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Mkumbushe bila haya.

Kisha ichague sampuli ya andiko lako kwa makini. Kurasa ishirini zenye data safi na hoja moja iliyosukumwa hadi mwisho zinashinda sura nzima ya mapitio ya maandishi ya watu wengine. Usiwatumie mapitio ya maandishi, tafadhali.

*

Mimi ni Mswahili wa Mvita, naishi South B. Nimeambiwa niende Ujerumani kusomea uzamivu wa Kiswahili. Si aibu hii?

Swali lako nimelikuta kwenye mijadala mingi, na kwa kawaida wanaolijibu kwa sauti kubwa ni wale wasiohitaji kuamua.

Ukweli wenyewe ni kwamba vitu vyetu vingi viko huko. SOAS inahifadhi miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hamburg imekuwa na kiti cha profesa wa lugha za Kiafrika kwa zaidi ya miaka mia moja, na Carl Meinhof ndiye aliyekikalia kwanza. Bayreuth huandaa kongamano la Kiswahili kila mwaka, na utawakuta watu wa Mombasa, Unguja na Dar kwenye meza moja, jambo ambalo ni nadra hata hapa. Unachofuata huko ni maktaba, mbinu, posho na utulivu wa kuandika. Data ya lahaja yako utaibeba kutoka nyumbani.

Lakini kumbuka Dar es Salaam nayo ni nje ya nchi. TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozaliwa mwaka 2009 kwa kuunganisha taasisi ya utafiti ya TUKI na idara ya Kiswahili ya chuo hicho, inakuruhusu kuandika uzamivu kwa Kiswahili, mbele ya watahini wanaoijua istilahi. Ikiwa unakusudia kufundisha Kiswahili Kenya au Tanzania na kusomwa na walimu wa hapa, ningekupeleka Dar bila kusita. Ikiwa unataka uweze kuomba kazi popote duniani, tasnifu ya Kiingereza itakufungulia milango zaidi, nami sipendi kwamba ndivyo ilivyo.

*

Nina mume na watoto wawili. Nchi ipi itaniruhusu niende nao? (Utawala)

Uingereza, tangu Januari 2024, wengi wa wanafunzi wapya wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi kwenda na familia, lakini wa uzamivu bado wanaruhusiwa. Ile ada ya afya hulipwa kwa kila mmoja wenu, piga hesabu. Marekani, mume wa mwenye viza ya kawaida ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi. Mume wa mwenye J-1, viza ya mipango ya kubadilishana wasomi, anaweza kuomba kibali cha kazi, ila J-1 nyingine zina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuhamia huko au kupata viza fulani za kazi. Posho moja kulisha watu wanne ni shida katika miji mingi. Kaeni na mzee wa nyumba mzungumze kuhusu fedha kabla ya kuzungumza kuhusu nchi.

*

Nina miaka 44. Nimechelewa? (Ruiru)

Vyuo havijali. Wafadhili ndio huhesabu, na mara nyingi huhesabu miaka tangu shahada yako ya mwisho kuliko miaka yako ya kuzaliwa: DAAD kwa kawaida wanataka isizidi 6.

*

Nataka kuandika sarufi ya Kidahalo, lugha ya watu wachache kule Pwani. Niende wapi, na ninahitaji ruhusa gani? (Kijana wa Lamu, Pangani)

Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Kwa wasiojua, Kidahalo huzungumzwa upande wa Lamu na Tana River, ni cha jamii ya Kikushi, na kina vidoko, yaani sauti zinazoalikwa kwa ulimi, zile tulizozoea kuzisikia kwa Wazulu na Wasandawe. Mauro Tosco alichapisha muhtasari wa sarufi yake mwaka 1991. Muhtasari. Nafasi yako ipo.

Tahadhari ya kwanza: si kila idara inakubali sarufi ya lugha kama tasnifu ya uzamivu. Baadhi ya idara za nadharia Marekani zitakwambia kueleza lugha ni maandalizi ya utafiti, si utafiti. Sikubaliani nazo hata kidogo, lakini wao ndio watakaotia saini. Tafuta zinazoheshimu kazi hiyo: Leiden, Chuo Kikuu cha Hawai‘i cha Mānoa, Oregon, na Australia pia. Fedha za kwenda uwandani ziombe kwa ELDP, mpango wa kufadhili uhifadhi wa lugha zilizo hatarini, uliokuwa SOAS kwa miaka mingi na tangu 2021 uko Berlin.

Ruhusa: hata ukiwa Mkenya, ukisajiliwa chuo cha nje utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Chuo chako nacho kitataka kamati yake ya maadili ipitishe mpango wako, na kazi hiyo huchukua miezi, basi ianze mapema. Karatasi zote hizo hazimfungi mzee wa kijiji. Utakaa naye, utamweleza rekodi zitahifadhiwa wapi na nani atazisikiliza, na akikataa hadithi fulani isirekodiwe, haitarekodiwa. Wadahalo wanakijua Kiswahili, nawe ni mtoto wa Lamu. Wageni wote waliokutangulia walianza nyuma ya hapo ulipo.

*

Nimepata nafasi Marekani, posho miaka mitano. Idara inataka jibu kwa wiki moja, na bado nasubiri majibu ya vyuo viwili. Nifanye nini? (Ngara)

Pole na hongera. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Tazama kama chuo chako kimo kwenye orodha, kisha waandikie kwa upole uwakumbushe tarehe hiyo. Siku hiyo hiyo waandikie wale wawili wengine, uwaambie una nafasi mkononi na ungependa kujua ombi lako limefika wapi. Muda ukiwepo, omba idara ikuunganishe na wanafunzi wao wawili wa mwaka wa tatu au wa nne, uongee nao kwa simu bila profesa kuwepo, na uwaulize kama posho inafika mwisho wa mwezi na kama inalipwa wakati wa kiangazi. Ukishaamua, wajulishe unaowakatalia bila kukawia. Kuna mwenzako yuko kwenye orodha ya kungoja.