Waya mrefu hautakufikisha mbali

Kaka, umeuliza kama ule waya wa mita 20 wa redio ya zamani ya mzee ukifungwa kwenye redio ya mashua utasikika mbali zaidi ukiwa nje ya Sahare. Usiufunge, tafadhali.

Ulikatwa kwa masafa mafupi (shortwave), karibu megahezi 7, ambako wimbi moja lina mita 43 hivi. Waya ni kama nusu yake. Redio yako ya baharini iko chaneli 16, megahezi 156.8. Gawa 300 kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita: hapa 1.9, na robo yake, urefu wa kawaida wa fimbo ya antena, ni sentimita 48. Basi fimbo fupi inatosha. Antena isiyolingana hurudisha nguvu redioni badala ya kuitoa hewani, na sehemu ya kurushia inaweza kuungua.

Shida yako ni kimo cha antena. Mawimbi ya masafa mafupi hugonga anga la juu yakarudi chini, ndiyo maana yanavuka bahari. Haya ya megahezi 156 kwa kawaida hayarudi, yanakwenda moja kwa moja mpaka mviringo wa dunia uyakate. Mashua mbili zenye antena mita 4 juu ya maji zinaweza kusikilizana kama kilomita 16. Mmoja akiipandisha hadi mita 9, inakuwa 20 hivi.

Kabla hujatoka tena na kaskazi, ipeleke antena juu ya mlingoti, na ukague viungio vya kebo. Maji ya chumvi huvila kimyakimya.