Bunduki ya risasi ya "paka-mwitu": kabla hujamlipa fundi

Kijana mmoja tunayesali naye hapa Colorado aliniletea karatasi wiki iliyopita. Kaorodhesha kila kitu: mtutu wa inchi 26, kitako cha nyuzi za kaboni, darubini ya bei mbaya, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la risasi: 6.5-06 Ackley Improved. "Kaka, hebu nipitishie macho." Nikacheka. Karatasi kama hiyo niliwahi kuiandika mwenyewe, na iliniponza.

Wamarekani huziita risasi za namna hii paka-mwitu. Unachukua ganda la kawaida, unalibana au kulitanua shingo, unalisogeza bega (mteremko unaoingia shingoni), unapata risasi ambayo hakuna duka linaloiuza. Nyingine hufugika baadaye: .25-06 ilikaa porini miaka mingi hadi Remington walipoanza kuiuza 1969, na .35 Whelen, iliyozaliwa 1922, ikasubiri hadi 1988. Hilo jina Ackley ni la P.O. Ackley, fundi bunduki aliyefanya kazi hapa Colorado, mjini Trinidad, kisha akahamia Utah. Alinyoosha ubavu wa ganda, bega akalisimamisha hadi nyuzi 40, baruti ikapata nafasi zaidi. Kwenye ganda la ukubwa wa .30-06, risasi ya kawaida ya madukani, unavuna futi 50 hadi 100 kwa sekunde. Elki, yule paa mkubwa unayemwinda, hatajua tofauti. Utakayejua ni wewe, na sikukatazi. Raha nayo ni sababu.

Kosa langu lilikuwa kuanza na jina. Nilichagua mtutu wa milimita 6.5 wenye mifereji inayozunguka mara moja kila inchi 8, kwa kuwa nilitaka vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) virefu vya greni 140, kama gramu 9 hivi. Hapo nilikuwa sawa. Kisha nikaagiza kekee ya kuchongea chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, mchoro wake nikauiga kwa watu wa mashindano ya shabaha: koo refu (sehemu kati ya chemba na mifereji), ili kichwa kikae mbele kisile nafasi ya baruti. Magazini, kile kisanduku cha bunduki kinachobeba risasi za akiba, sikuipima.

Miezi tisa baadaye bunduki ikafika. Nikaunda risasi ambayo kichwa chake kinakaribia kugusa mifereji, nikaipima: milimita 94. Magazini, kwa ndani, milimita 92. Milimita mbili tu, unene wa sarafu! Kwenye benchi la shabaha haidhuru, unatia moja moja kwa mkono. Mlimani, Novemba, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu na mnyama anataka risasi ya pili, hapo ndipo utajua hujui. Nikavidumbukiza vichwa ndani zaidi ili viingie kwenye magazini. Sasa kila kichwa kikawa na safari ndefu kabla ya kushika mifereji, na matundu kwenye karatasi ya yadi 100 yakatawanyika upana wa kiganja. .30-06 yangu ya mtumba ilikuwa inaipiga bao bunduki mpya ya maelfu ya dola. Ikabidi fundi afungue mtutu, aukate kidogo kwa nyuma na kuchonga chemba upya kwa kekee nyingine. Nililipa mara mbili, na kusubiri mara mbili.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana: kanunue kwanza pakiti moja ya vichwa unavyokusudia kuwindia. Ukishajua mtambo wa bunduki utakaofungiwa mtutu, pima magazini yake kwa ndani. Halafu unda risasi bubu, ganda na kichwa tu, bila baruti wala fataki ya kuiwasha, iingie kwenye magazini na kubakiza nafasi ya kupumua. Hiyo ndiyo umpelekee mchonga kekee, umwambie koo likatwe kuifuata. Ukimpelekea maelezo ya mdomo, atakuchongea anachodhani umesema.

Maganda nayo yana mambo yake. Ya kwangu nayatoa kwenye .25-06: natanua shingo, kisha kila ganda lazima lifyatuliwe mara moja ndani ya chemba ndipo livimbe na kupata umbo lake. Maganda mia ni milio mia kabla hujaanza kutafuta shabaha, na kila mlio unakula koo la mtutu. Hatari zaidi ni maandishi. Kitako cha ganda kinabaki kimeandikwa 25-06 REM, wakati kilichomo si hicho. Risasi halisi ya .25-06 inaingia kwenye chemba yangu bila ubishi, ingawa kichwa chake ni chembamba kwa mtutu wangu. Tangu siku niliyoikuta moja imechanganyika kwenye boksi langu, ya rafiki tuliyekuwa naye benchi moja, zangu nazipaka wino mwekundu kitakoni. Na fundi aandike jina kamili la risasi juu ya mtutu, hata kama utaona linaharibu urembo.

Vipimo vya baruti vya mtandaoni usivibebe kama kaseti ya mahubiri. Chemba ya mtu si chemba yako. Anza chini, panda taratibu.

Kama moyo wako uko kwa Ackley lakini huna muda wa haya yote, chukua .280 Ackley Improved. Imekuwa risasi rasmi ya viwandani tangu 2007, na risasi zake zinauzwa. Mimi ningefanya hivyo leo.

Kwa wenzangu wenye viza za muda, za masomo au kazi: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki silaha, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni hai ya uwindaji. Ulizia hili kabla ya kutoa hata senti ya kianzio.

Na ukiwa na ndoto ya kwenda nayo nyumbani, fikiria uwanja wa ndege. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 5 tu za risasi. Sanduku likipotea njiani, Arusha nzima hutapata mbadala. Lisipopotea, afisa atasoma jina moja kwenye mtutu na lingine kwenye ganda, na utaanza kumweleza habari za Ackley huku foleni ikirefuka nyuma yako. Mimi safari hiyo nabeba .30-06.